Ukumbini anatunzwa, kituoni anashikwa

Tangu Mkoa wa Dar es Salaam uzindue biashara ya saa 24 Kariakoo, Februari 2025, kila anayeuliza kuhusu usalama wa usiku hujibiwa kwa vitu vitatu: taa, kamera na askari wa doria. Kwa duka lenye makufuli na shehena ya vitenge, majibu hayo yanatosha. Mwizi hupenda giza, na ukimwondolea giza umempunguzia nafasi. Lakini mazungumzo yamevuka hapo, na sasa nasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba jiji likiwaka, wanawake nao watatembea usiku bila bughudha. Hapo ndipo tunapopotea. Anayemzomea mwanamke, anayemfuata hatua kwa hatua akiomba namba, anayemshika makalio wakati anapanda daladala, hajifichi. Anafanya hivyo mbele ya wenzake, mara nyingi kwa ajili ya wenzake, na taa kwake ni jukwaa. Ninachodai ni kwamba bughudha hii haitokani na giza, wala mavazi, wala tamaa iliyomzidi mtu nguvu. Inatokana na ruhusa. Pale ambapo ruhusa hiyo haipo, wanaume walewale hukaa kwa adabu bila kufundwa na mtu.

Niliiona tofauti hiyo mwishoni mwa wiki moja, nilipokwenda kuwatazama marafiki zangu wawili wakiwa kazini. Ijumaa mmoja aliimba taarabu katika ukumbi wa Kinondoni. Jumamosi mwingine alicheza katika onyesho la ngoma na maigizo upande wa Mikocheni. Mwimbaji alivaa gauni la kumeremeta, mgongo wazi, akasimama mbele ya watu kama mia mbili ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kunywa. Wanaume walikuja kumtunza mmoja baada ya mwingine, wakicheza taratibu, noti mkononi. Mtu anaiweka noti kiganjani mwa mwimbaji, au anaizungusha kwanza juu ya kichwa chake kwa madaha, kisha anageuka na kurudi kwenye kiti. Hakuna hata mmoja aliyemgusa zaidi ya hapo. Saa saba usiku rafiki yangu alivua gauni, akavaa nguo zake za nyumbani na baibui juu, akabeba begi lake tukatoka. Hatukufika mbali. Kwenye kijiwe cha bodaboda, chini ya taa ya barabarani, kijana mmoja alimkamata mkono. "Dada, si unasalimiwa?" Alipoutoa mkono akasindikizwa na kicheko cha kijiwe kizima: "Unaringa nini, sura yenyewe ya babu." Mmoja kati ya waliocheka alikuwa ukumbini saa moja kabla. Alitunza elfu tano.

Hadi Jumapili asubuhi nilikuwa nimehesabu bughudha za namna hii mara kumi na nne, na sikuhesabu miluzi. Sisimulii haya kwa sababu ni ya ajabu. Mwanamke yeyote wa jiji hili anayo ya kwake, na pengine makubwa kuliko haya. Nayasimulia kwa sababu ya yule bwana wa elfu tano. Mtu mmoja, usiku mmoja, mwanamke yuleyule, na kama kuna kilichobadilika katika mavazi basi ni kwamba mwanamke alikuwa amejifunika zaidi. Nadharia yoyote ya bughudha ya mitaani ambayo haiwezi kumweleza bwana huyu haifai kutungiwa sera.

Ukumbi una mwenyewe. Kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti anayeweza kukutaja, kuna baunsa mlangoni, na kuna wale akina mama wa meza za mbele, mashabiki wa kundi, ambao baunsa mwenyewe anawaogopa. Kutunza kuna utaratibu wake ambao haujaandikwa popote: unakwenda wimbo ukiwa umekolea, unacheza, unatoa, unarudi. Anayezidisha anaharibu wimbo, na kuharibu wimbo ni kosa ambalo ukumbi mzima utakusuta. Sidai kwamba burudani zote ziko hivyo. Kwenye kigodoro, mziki unapowekwa katikati ya mtaa na kila mpita njia akageuka mgeni, wasichana wanaocheza hushikwashikwa vibaya sana, na hilo linajulikana. Lakini angalia kilichokosekana hapo: mwenye shughuli anayeweza kumtoa mtu. Na angalia pia jibu letu la kawaida, ambalo ni kuupiga marufuku mnenguo na kumwacha aliyeshika aende zake.

Tabia hii ya kumtazama mwanamke kwanza, na mshikaji baadaye, ina historia, na sehemu yake iliandikwa palepale Kariakoo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zingekuwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Vijana wa mjini hawakuisubiri Januari. Siku chache baada ya tangazo makundi yalikusanyika kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, yakawa yanawashusha wanawake kwenye mabasi na kuwapiga kwa sababu ya nguo walizovaa, hadi askari wa kutuliza ghasia wakapelekwa. Tunapenda kuikumbuka operesheni ile kama mjadala wa sketi. Mimi naikumbuka kama siku ambayo kijana asiye na cheo chochote aliambiwa kwamba mwili wa mwanamke barabarani ni jambo la umma, na kwamba yeye ana haki ya kuukagua. Amri ilikwisha nguvu zamani. Ukaguzi haukukoma.

Majirani wetu wamerudia somo hilohilo. Uganda ilipopitisha sheria ya kupinga ponografia, iliyosainiwa Februari 2014, watu waliielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi, na makundi yakaanza kuwavua wanawake nguo hadharani. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Novemba ya 2014 hiyohiyo wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya video za wenzao wakivuliwa nguo kwenye vituo vya matatu. Kwetu, Januari 2021, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilimfungia msanii Gigy Money miezi sita kwa vazi alilopanda nalo jukwaani Dodoma. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu vazi lile, na mimi ninayo. Ila chombo cha umma kinapompima msanii kwa nguo zake, kijiwe nacho kinasikiliza, na kinajiona kimepewa kazi ya utekelezaji.

Kwa hiyo hoja ya mavazi, ambayo bado ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote, sitaipa nafasi kubwa. Wanaosema "wajisitiri waone kama watasumbuliwa" wameombwa kwa miaka hamsini waonyeshe mwanamke aliyesalimika kwa sababu ya vazi. Wanafunzi wa sekondari wenye sketi za kufika chini ya magoti na hijabu husukumwa na kushikwa kila asubuhi kwenye milango ya daladala. Mama lishe hujifunga khanga mbili. Rafiki yangu alikuwa na baibui. Kama vazi lingekuwa sababu, ukumbi ndio ungekuwa mahali pa hatari na kituo cha basi kingekuwa kama msikiti.

Kuna hoja nyingine ambayo ni ngumu zaidi, kwa kuwa imejificha ndani ya kitu tunachokipenda. Ni hoja ya salamu. Sisi ni watu wa salamu. Anayepita watu wamekaa bila kuwasalimu ana kiburi, na kijana anapomwambia dada "mambo" anatimiza mila. Nakubaliana na mwanzo wa hoja hii kwa moyo wote. Nisingependa kuishi katika jiji ambalo watu wanapishana kama nguzo. Lakini salamu yetu ina sheria kali kuliko tunavyodhani, na ukizifuata utaona kwamba kinachotolewa kijiweni ni kitu kingine kilichovaa kofia ya salamu. Kwanza, salamu hupimwa kwa umri. Kijana wa miaka ishirini anayeniambia "mambo mrembo" angeniambia shikamoo kama ningekuwa nimefuatana na mjomba wangu. Najua, kwa sababu nimepita na mjomba kwenye kituo kilekile na konda yuleyule akaniamkia kwa heshima zote. Shikamoo ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mjomba. Pili, tunayo adabu ya hodi. Mtu hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa anaondoka, na hakuna mstaarabu aliyewahi kumtukana mwenye nyumba kwa kutofungua mlango. "Dada si unasalimiwa" ni hodi ya nne, na mkono ukishakamatwa ni mlango uliovunjwa. Tatu, salamu haidai chochote zaidi ya kuitikiwa. Ukiitikia "poa" na kijana akaanza kukufuata akiuliza unakaa wapi, alikuwa akitega, na wewe umenasa kwa sababu ya malezi mazuri uliyopewa na mama yako. Wasichana wetu wamefikishwa mahali ambapo kuwa na adabu ni hatari na kukosa adabu ni hatari pia.

Hoja ambayo naiheshimu kuliko zote inatoka kwa watu walio upande wangu. Wanasema: ukiligeuza suala hili kuwa la sheria na polisi, atakayelipa ni kijana maskini wa bodaboda, machinga na mpiga debe, ambao tayari wanakimbizwa na mgambo kila uchao, na tabia yenyewe, wanaongeza, ni zao la ukosefu wa kazi na la mtu anayetafuta ukubwa mdogo pale alipo. Nusu ya pili siikubali. Gari kubwa lenye vioo vyeusi linalopunguza mwendo pembeni ya mwanamke saa tano usiku halina ukosefu wa ajira, na vijiwe tunavisikia zaidi kwa sababu havina vioo vya kupandisha. Ila nusu ya kwanza ni ya kweli, na tuna mfano wa karibu. Machi 2022, baada ya kusambaa kwa video ya waendesha bodaboda wakimshambulia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa kwenye gari lake jijini Nairobi, serikali ya Kenya iliamuru msako wa bodaboda nchi nzima. Pikipiki zikakamatwa kwa wingi, za wenye hatia na za wasio nayo, na haikuchukua muda msako ukasitishwa. Waendeshaji walibaki na hasira ya kuonewa, ambayo kwa sehemu ilikuwa halali, na mwanamke aliyesimama kituoni hakupata kitu. Msako hauondoi ruhusa. Mtu aliyeonewa leo atatafuta wa kumwonea kesho.

Kamera nazo zina jibu lao, na limetoka mbali. Novemba 4, 2025, Rais wa Mexico, Claudia Sheinbaum, alikuwa akitembea kwa miguu katikati ya Jiji la Mexico akisalimiana na watu. Mwanamume mmoja aliyekuwa amelewa akamjia kwa nyuma, akamshika mwilini na kutaka kumbusu shingoni. Ilikuwa mchana, simu zikirekodi kila upande, wasaidizi wakiwa hatua chache. Wengi walijadili walinzi wake: walikuwa wapi, kwa nini walichelewa. Sheinbaum mwenyewe alilielewa jambo lake vizuri zaidi, akafungua mashtaka na kuuliza kwamba ikiwa rais anafanyiwa hivi, wasichana wengine wa nchi ile wanafanyiwa nini. Kilichonishangaza mimi ni kwamba mtu yule hakuonekana hata kufikiria. Mwanga upo, kamera zipo, cheo cha juu kuliko vyote nchini kipo, na bado mkono ulikwenda kana kwamba umekwenda kwenye kitu cha njiani. Nani anaamini kwamba kamera ya juu ya nguzo pale Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, itafanya kazi ambayo haikufanywa na urais?

Pengine utasema basi tunahitaji sheria. Tunayo, tena pana kuliko ya wengi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, iliyopiganiwa kwa miaka na wanawake wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wenzao, iliingiza kifungu cha 138D katika Kanuni ya Adhabu, kinachohesabu kuwa kosa hata maneno na vitendo vinavyomsumbua mtu kijinsia. Adhabu ni hadi miaka mitano jela au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Sheria ya Kenya ya 2006 kwa kulinganisha ni nyembamba: kifungu chake cha bughudha ya kijinsia kinamgusa mwenye mamlaka au mtumishi wa umma, si mpita njia. Kwa hiyo kwenye karatasi mwanamke wa Dar amelindwa vizuri. Sasa jaribu kuitumia. Saa saba usiku, hujui jina la mtu, mashahidi wote ni rafiki zake, kituo cha polisi kiko mbali, na Dawati la Jinsia na Watoto lina kesi za watoto waliobakwa na wake waliovunjwa mbavu. Utakwenda kumwambia askari kwamba umeitwa mrembo na kuvutwa mkono? Ukubwa wa adhabu ndio unaoua sheria hii mtaani. Hakuna anayeona kwamba mkono uliovutwa una thamani ya miaka mitano, hata aliyevutwa, basi unabaki kuwa na thamani ya sifuri.

Ndiyo maana mfano ninaoutegemea haujatoka mahakamani. Umetoka sokoni, kilometa chache kutoka kwenye taa mpya. Wanawake wanaofanya biashara katika masoko ya Ilala na Temeke walikuwa wakitukanwa, wakishikwa na wateja na wafanyabiashara wenzao, wakiliwa chakula na kuondokewa bila kulipwa, na wote wakiambiwa kwamba soko ndivyo lilivyo. Shirika la Equality for Growth lilianzisha kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi. Jina peke yake lilikuwa nusu ya kazi, kwa sababu linazungumza lugha ya soko: hapa tunatafuta riziki, usinivurugie. Nusu nyingine ilikuwa utaratibu. Wafanyabiashara walifunzwa kuwa wasaidizi wa sheria humohumo sokoni, masoko yakajiwekea miongozo inayokataza matusi na kushikana, na mlalamikaji akawa na pa kwenda palepale, kwa uongozi wa soko, kwa watu wanaomjua mkosaji kwa jina na kwa meza yake. Adhabu ya soko ni ndogo, inatolewa karibu, inatolewa upesi. Mtu anayeuza nyanya hapo kila siku haogopi miaka mitano ya kufikirika. Anaogopa kuitwa mbele ya mwenyekiti wa soko kesho saa nne asubuhi.

Ukiitazama mitaa ya usiku kwa jicho hilo, haionekani tena kama pori lisilo na mwenyewe. Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti na katibu, kina daftari la wanachama, kina vizibao vya kutambuana, na kina faini zake kwa anayekata foleni ya abiria. Nimewahi kumwona mwendeshaji akisimamishwa siku mbili kwa kumpora mwenzake mteja. Daladala na bajaji zina leseni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mwendokasi ina vituo vyenye milango na wahudumu. Kumbi zina vibali, na wenye kumbi wana orodha ya bodaboda wanaoruhusiwa kuegesha mlangoni, kwa sababu wasio kwenye orodha hufukuzwa. Miundo ipo, na tayari inatoa adhabu. Haijawahi tu kuambiwa kwamba kumshika mwanamke ni kosa la kijiwe kama kukata foleni kulivyo kosa la kijiwe. Mwenyekiti mmoja niliyemuuliza alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Hilo halijawahi kuletwa kikaoni." Nilimwamini.

Najua udhaifu wa pendekezo hili. Mwenyekiti wa kijiwe anaweza kuwa ndiye mshikaji mkuu, na vikao vya wanaume vina kawaida ya kulindana. Masoko yalikuwa na jambo moja ambalo vijiwe havina: wanawake walikuwa wanachama, walipiga kura, walikuwa wengi. Kwa hiyo bila kalamu ya mtoa leseni nyuma yake, kanuni ya kijiwe itabaki maneno. Manispaa inayoruhusu kijiwe kuegesha ndiyo inayopaswa kusema kwamba malalamiko matatu ya namna hii yanahamisha kijiwe. Hapo mwendeshaji mwenye watoto watatu wa kusomesha atamgeukia mwenzake kabla mkono haujanyanyuka, na atafanya hivyo kwa sababu zake mwenyewe, ambazo sihitaji ziwe nzuri.

Wakati tukisubiri, bili inalipwa na upande mmoja. Usiku ule wa Ijumaa safari ambayo kwa daladala ilikuwa shilingi 600 tuliilipia bajaji 6,000, na malipo ya rafiki yangu kwa kuimba muda wa saa nne yalikuwa 40,000. Mchezaji wa Jumamosi hukataa kazi yoyote inayokwisha baada ya saa nne usiku kama hawampi usafiri, na wengi hawampi. Zidisha hesabu hiyo kwa wasichana wa dukani watakaofunga saa tisa usiku Kariakoo, kwa mama lishe watakaowapikia wapakuzi wa mizigo, kwa wauguzi wa zamu, na utaona kwamba uchumi wa saa 24 utakuwa wa saa 24 kwa wanaume na wa saa kumi na tano kwa wanawake, au wa saa 24 kwa wote lakini mmoja akikatwa sehemu ya ujira njiani.

Kundi la rafiki yangu mwimbaji limekwisha kuamua lake. Onyesho lijalo limehamishiwa Jumapili alasiri, kuanzia saa tisa. Meneja wa ukumbi amelalamika kwamba watu wa saa tisa wanakunywa soda. Kwenye tangazo, chini ya picha ya gauni lile la kumeremeta, wameandika: mwisho saa kumi na mbili jioni.